Mkia wa Pikipiki ya Theluji

Theluji sijawahi kuigusa, na kwa umri huu nilio nao sidhani kama nitaigusa. Lakini niulize pikipiki ya theluji, ile ya kupandia milima, nitakueleza mpaka uniombe ninyamaze. Nyuma haina gurudumu. Ina mkanda mpana wa mpira wenye meno marefu ya kuchimba. Mbele ina mbao mbili za kutelezea, ambazo siku hizi wala si mbao. Juu ya mkanda kuna bati refu linaloufunika kutoka kwenye kiti mpaka nyuma kabisa, na kile kipande kinachotokeza nyuma ndicho sisi tulichokiita mkia. Haya yote nilijifunza Ibra, Oman, mji ambao mwezi wa sita ukitaka kufungua bomba la uani mchana unatafuta kitambaa kwanza.

Ninaposema sisi, ni mimi na Babu. Mimi ni mtu wa Tanga, niliyekwenda Oman kufanya kazi za ndani baada ya hoteli niliyokuwa nafanyia kazi Pangani kufungwa. Nyumba niliyopelekwa ilikuwa ya wazee wawili na kijana wao wa mwisho. Mzee alizaliwa Unguja mjini, akaondoka kijana mdogo, na Kiswahili chake alikitunza vizuri kuliko alivyoyatunza meno yake. Mkewe alikuwa wa ukoo wa Sur, mji wa pwani hukohuko Oman, naye pia wa kuzaliwa Unguja. Kijana alizaliwa hapohapo Ibra, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza. Mzee nilimwita Babu, mkewe nilimwita Bibi, na wao waliniita mwanangu siku za furaha. Siku nyingine waliniita "wewe".

Babu alikuwa fundi wa magari maisha yake yote. Bahati mbaya alikuwa haijui. Akisikia ajali, swali lake la kwanza lilikuwa breki, la pili tairi, na asipopata jibu alikasirika, anasema watu hawajui kuuliza. Kwake yeye, chombo kikimuua mtu basi kuna kitu kilitengenezwa vibaya, na fundi mzuri angekiona mapema. Mauti aliyakubali kwamba ni ya Mwenyezi Mungu. Vipuri aliviweka kando, hivyo ni kazi ya mafundi.

Mtoto wake mkubwa alikwenda Kanada kusoma, akapata kazi, akabaki, akapenda kupanda milima ya huko kwa pikipiki hizo. Mwaka mmoja kabla sijafika Ibra, rafiki yake alipiga simu. Walikuwa wanaukata mlima kwa ubavu, pikipiki ya yule mkubwa ikazama nyuma na kukwama, akashuka kuichimbua. Alikuwa bado anachimba wakati theluji ya juu ilipoporomoka. Walimpata siku ya pili, wakamzika hukohuko. Babu alichopata ni picha ya kaburi kwenye simu, jeupe lote, hata udongo hauonekani.

Katika maelezo yote ya yule rafiki, Babu alishika neno moja tu: ilizama nyuma. Kwa hesabu yake ya kifundi, lile bati lilikuwa refu mno, mkia wake ukajichimbia kwenye theluji kama koleo, na laiti ungekuwa mfupi pikipiki ingetoka na mwanawe angekuwa hai. Nilimkuta na hukumu hiyo ameshaitoa, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

Sasa alikuwa amebakiwa na huyu mdogo. Huyu alisomea mitambo chuoni Nizwa, akamaliza, akarudi nyumbani, na miaka mitatu ikapita hajapata kazi. Kazi yake ikawa kuosha gari la baba yake. Aliosha asubuhi, akaosha jioni, gari lenyewe halijatoka getini. Kisha yule rafiki wa marehemu akamwita. Alikuwa na karakana ya kutengeneza pikipiki hizo, akamwahidi kazi na makaratasi yote. Kijana alitaka kwenda mpaka ukimtazama unamwonea huruma. Kilichomzuia ni radhi.

Kwa watu wale, na hata kwetu Tanga, mtoto hasafiri safari kama hiyo bila radhi ya mzazi. Radhi si ruhusa. Ruhusa kijana yule asingeihitaji, alikuwa na miaka ishirini na sita na pasipoti yake mfukoni. Radhi hutamkwa kwa ulimi, mkono ukiwa kichwani pa mtoto, nayo ikishatoka hairudishwi, maana kumwondolea mtoto radhi akiwa safarini ni sawa na kumlaani. Babu alisema wazi mbele ya wote: radhi ataitoa mwaka watakaoukata ule mkia. Kiwanda kikitoa pikipiki ya mlima isiyokwama, kijana aende. La sivyo, akae aoshe gari.

Hivyo ndivyo nilivyogeuzwa msomaji. Kiingereza cha mapokezi ya hoteli nilikuwa nacho, na Babu cha kwake kilikuwa cha majina ya vipuri tu. Kijana alijua kusoma, tena kuliko mimi, lakini Babu hakutaka. "Huyu ana yake moyoni," aliniambia. "Atanisomea anachokitaka yeye. Wewe huna haja na jambo hili, soma wewe." Na kweli sikuwa na haja. Nilikuwa na sufuria jikoni.

Kila siku baada ya sala ya alasiri nilipeleka kahawa na tende barazani, nikavua ndara, nikakaa mkekani na simu. "Haya, wazushi wangu wanasemaje leo?" Wazushi ni wale watu wa Kanada na Marekani ambao hukaa mtandaoni wakibashiri pikipiki za mwakani zitakuwaje. Kiwanda hutangaza mara moja kwa mwaka, baridi ikielekea kuisha, na miezi yote kabla ya hapo ni ubashiri mtupu. Mmoja aliyejiwekea picha ya mbwa alidai ana shemeji kiwandani. Mwingine kila siku alisema injini itaongezwa nguvu. Mwingine alikuta picha ya pikipiki iliyofunikwa turubai, akapima kivuli chake na kutangaza kwamba bati limefupishwa kwa kiasi cha vidole viwili. Huyo Babu alimpenda sana. "Huyu fundi," alisema. "Huyu anajua kutazama."

Mimi nilikuwa naona upuuzi, na uso wangu haujui kuficha. Wanaume wazima, na ndevu zao, wanabishana juu ya turubai. Niliyasema hayo Jumatano moja nikiwa na Bibi kwenye soko la wanawake, tunachagua kitambaa. Bibi alikuwa ameshika kimoja. Alikikunjua kitambaa, akakikunja, akakirudisha.

Siku moja Babu alinikataza kumwaga barafu niliyokuwa naikwangua kwenye friza. Alikuwa amekata kopo la samli kwa mkasi wa bati, akakunja vipande viwili, kimoja kirefu na kimoja kifupi, kila kimoja kimefungwa uzi. Akaniamuru niimwage barafu kwenye sinia na kuisawazisha iwe mlima. Kisha akapiga magoti, mzee wa miaka ile, akakivuta kile kirefu taratibu. Kikajichimbia kwa nyuma, kikasimama. Akakivuta kifupi, kikapanda. "Umeona?" alisema, na macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Umeona wallahi? Kitu chenyewe hichi tu. Mkasi tu." Alitaka kurudia lakini barafu ilikuwa imeshayeyuka. Nilipokuwa napiga deki nililia, na sikujua nalilia nini, maana yule marehemu sikumjua.

Baada ya siku ile sikuona tena upuuzi. Nilianza kuamka na hamu ya kujua wazushi wamesema nini. Kiwanda kilipotangaza mwaka wa kwanza, mkia ulikuwa uleule, wamebadilisha rangi na kioo cha mbele. Babu alisema labda mwakani. Mwaka wa pili waliongeza injini nguvu kama yule mtu alivyobashiri, mkia uleule. Kijana alitoka nje kuosha gari.

Mwaka wa tatu, baridi ikiwa katikati, yule rafiki alileta ujumbe kwamba nafasi ya kazi hawezi kuishikilia tena. Mwisho wa mwezi au basi. Kiwanda kingetangaza wiki kadhaa baadaye. Kijana alimsomea baba yake ujumbe ule kwa Kiarabu, kwa heshima zote. Babu akaingia chumbani. Siku mbili hakula. Nilipeleka uji, nikaurudisha. Nilipeleka mchuzi wa papa aliokuwa akiupenda, nikaurudisha. Siku ya tatu baada ya alasiri nilimkuta barazani.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba." Alinionyesha mkeka. "Kaa kitako. Yule mkubwa nilimpa radhi, akaenda akafa. Huyu nimemnyima, naye anakufa hapa mbele ya macho yangu, kila siku kidogo. Mwanangu, n'fanye nini mie? Nisomee."

Nikafungua simu. Yule wa picha ya mbwa alikuwa ameandika kwamba shemeji yake amemwambia safari hii mkia umekatwa. Chini yake watu wote walikuwa wanamcheka, maana mwaka uliopita alisema hivyohivyo. Nilivyozoea, ningemsomea yote, uvumi na vicheko vyake. Nikamtazama. Shati lilikuwa linampwaya mabegani.

"Wamekata mkia, Babu," nilisema.

"Nani kasema? Wazushi?"

"Kiwanda."

"Kiwanda chenyewe?"

"Chenyewe. Wametangaza mapema."

Hakuniapisha. Angeniapisha nisingeweza, najijua. Alifumba macho akasema alhamdulillah mara nyingi, kisha akaomba uji.

Sikuwaza hata kidogo kuhusu safari. Watu hawaniamini nikisema hivyo, lakini nilichokuwa nakiona mbele yangu ni mzee na bakuli la uji. Uongo wangu ulikuwa wa kumlisha siku ile tu. Kabla bakuli halijaisha akaniambia nimwite kijana.

Radhi ilitolewa palepale barazani. Babu alisomea maji kwenye kikombe, akampa kijana anywe. Akamwekea mkono kichwani. "Nimekuridhia, mwanangu, duniani na akhera. Nenda, Mungu akuongoze, na kila utakapokanyaga radhi yangu iko nawe." Kijana alikuwa amepiga magoti. Aliponyanyua kichwa hakumtazama baba yake, alinitazama mimi, na nikaelewa kwamba anajua. Alikuwa anasoma kurasa zilezile kila siku. Alijua kiwanda hakijatangaza chochote. Mimi nikasubiri aseme, na yeye akasubiri niseme, na Babu kati yetu anafuta machozi ya furaha.

Jikoni Bibi alinishika mkono kwa nguvu. "Umemsomea nini mume wangu?"

"Nilichokiona, Bibi."

"Mtoto wangu wa mwisho huyu," alisema. "Hapana mwengine."

Siku ya safari tulimsindikiza mpaka Bidbid, njia inapoungana na ile ya Maskati, kwa sababu binamu yake alikuwa anamsubiri pale kumpeleka uwanja wa ndege. Kijana alimbusu baba yake kichwani, akambusu mama yake mikono. Mimi nilikuwa nimeshika begi lake dogo. Alipolipokea aliinama akasema polepole, "Dada, asante. Wewe umesoma vizuri." Nilitamani kumzaba kibao. Nilitamani pia kujizaba mwenyewe, hapohapo kando ya barabara, malori yakipita.

Wiki zile za kungoja sikulala vizuri na chumvi ilinizidi kwenye kila chakula. Nilikuwa namwomba Mungu jambo la ajabu, kwamba kiwanda ambacho hakinijui kikate bati. Nilijiambia huenda yule wa mbwa kweli ana shemeji. Kila aliyebashiri mkia mfupi nilimpenda kama ndugu, na kila aliyebisha nilimchukia.

Kiwanda kilipotangaza, niliona mwenyewe kwanza, nikiwa nachambua mchele. Rangi tatu mpya. Kioo kikubwa cha kuonyesha ramani. Shokapu nyepesi zaidi. Nikazikuza picha kwa vidole, nikazikuza tena. Mkia ulikuwa palepale, urefu uleule.

Ningeweza kumdanganya tena. Asingejua. Lakini Babu alikuwa fundi, angetaka kuona picha, na picha inajieleza yenyewe. Nilimpelekea simu bila kahawa. Aliitazama muda mrefu, akaisogeza mbali, akaisogeza karibu.

"Hii ya mwaka jana," alisema.

"Ni mpya, Babu."

"Si ulisema kiwanda?"

Nikapiga magoti nikamweleza. Sikujitetea, sikutaja uji. Nilimwomba anitukane, hakunitukana. Nilimwomba anirudishe kwetu, akatikisa kichwa.

"Nkikurudisha, Bibi yako atauliza kwa nini. N'tamwambia nini?"

"Basi mpigie kijana simu arudi. Mwambie umeiondoa radhi."

Hapo ndipo alipopandisha sauti, mara moja tu. "Astaghfirullah! Mtoto yuko juu ya mlima nimwondolee radhi? Nimuue kwa ulimi wangu? Khalas. Nishasema, nishasema." Kisha, kwa sauti ya kawaida, akaniambia nisimwambie mtu. Tangu siku ile hakuniambia tena nimsomee. Baada ya alasiri nilipeleka kahawa, nikaiweka, nikaondoka. Tulikuwa watu wawili ndani ya nyumba moja tunaojua kitu kimoja.

Kijana alipiga simu siku chache baadaye, ya video. Simu ya Babu ilikuwa haina chaji, akapiga yangu. Nikaipeleka barazani, nikaishika mbele ya uso wa mzee. Kijana alikuwa amevaa kofia kubwa, ndevu zimeganda vipande vya barafu, na nyuma yake hakuna kitu ila weupe. Alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona usoni mwake miaka yote ile ya kuosha gari.

"Baba, tazama hii!" Akageuza simu. "Hii ya kaka. Rafiki yake ameiweka karakana, imeharibika, mimi nimetengeneza. Tazama nyuma, Baba. Nimekata mkia! Kwa mkono yangu. Kiwanda hawataki, mimi nimekata. Kama wewe unasema."

Ilikuwa imekatwa kweli, safi, ukingo umekunjwa vizuri. Babu aliinama karibu na kioo, uso wake wa kifundi umerudi. Alitazama kona moja, akatazama ya pili.

"Kazi nzuri," alisema. "Na sasa haikwami?"

Kijana akacheka. Kicheko kizuri, cha mtu mzima anayempenda baba yake.

"Inakwama, Baba! Leo mara tatu. Hapana mkia. Mkia haina kosa. Theluji ikiwa nyingi kila kitu inakwama, mtu lazima anashuka, anachimba. Hakuna njia ingine."

Babu alibaki ameinama vilevile. Nilikuwa nimeishika simu kwa mikono miwili. Miaka ile yote alikuwa na kitu cha kukilaumu, kipande cha bati, na mwanawe alikuwa amekiondoa sasa hivi mbele yake, kwa mapenzi.

"Baba? Unasikia?"

"Nakusikia, mwanangu."

"Sasa napanda tena. Niombee."

"Radhi yangu unayo," Babu alisema. "Nimekuridhia. Nimekuridhia. Nenda."

Kijana alipunga mkono, akasahau kukata. Tukabaki tunaona anga na kusikia injini ikiwaka. Babu alinyoosha kidole aizime, kidole kikagonga pembeni ya kioo, kikagonga tena, hakikufika. Akaniambia nimkatie.